Georges Lemaître, Askari wa Mizinga

Upande wa kusini wa nchi ya Ubelgiji uko mji uitwao Charleroi. Zamani mji ule ulikuwa mji wa moshi. Chini ya ardhi watu walichimba makaa ya mawe, na juu yake yalisimama matanuri ya chuma na ya vioo, yakiwaka usiku na mchana. Watoto waliozaliwa karibu na migodi ya Katanga watafahamu upesi ulikuwa mji wa namna gani.

Huko Charleroi alizaliwa Georges Lemaître, tarehe 17 Julai 1894. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Joseph na Marguerite, na nyuma yake walizaliwa wadogo watatu, wote wanaume. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vioo. Georges alisoma kwa mapadri Wayezuiti. Alipokuwa angali mtoto mdogo alikwisha kuamua mambo mawili: atakuwa padri, tena atakuwa mtu wa elimu. Hakuona kwamba lazima aache moja ili apate la pili. Baba yake hakumkatalia, lakini alimshauri angoje, asome kwanza.

Halafu msiba ukaingia nyumbani. Moto uliteketeza kiwanda. Baba alipata kazi katika benki mjini Bruxelles, na jamaa nzima ikahamia huko. Mwaka 1911 Georges aliingia katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain ili ajifunze kazi ya injinia wa migodi. Alikuwa kijana mnene kidogo, mcheshi, mwenye kucheka kwa sauti kubwa, na mwenye kupenda hesabu kuliko migodi.

Mwaka 1914, masomo yalipofungwa, Georges na rafiki yake walifanya shauri la kusafiri kwa baiskeli mpaka milima ya Tyrol. Safari ile haikufanyika. Tarehe 4 Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji. Wajerumani walikuwa wametaka njia ya kupita ili wawapige Wafaransa, na mfalme Albert wa Kwanza alikuwa amewakatalia. Ubelgiji ni nchi ndogo sana. Ukiiweka juu ya Kongo utaiona kama kiraka kwenye blanketi. Jeshi lake lilikuwa dogo vilevile. Lakini mfalme alikataa, na vita vikaanza.

Siku tano baadaye, tarehe 9 Agosti, Georges na mdogo wake Jacques walikwenda kujiandikisha kwa hiari yao. Georges alikuwa na umri wa miaka 20. Hakuna aliyewashurutisha. Mama yao alibaki nyumbani na wadogo wawili, na muda mfupi baadaye Wajerumani waliingia Bruxelles. Kwa miaka minne jamaa ile ilikaa pande mbili za vita: wazazi nyuma ya mistari ya adui, wana wawili mbele yake.

Mwisho wa Agosti Wajerumani waliutia moto mji wa Louvain. Maktaba ya chuo kikuu iliungua usiku mmoja, pamoja na vitabu zaidi ya 200,000, vingine vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Wanafunzi waliokuwa wamevisoma mwezi mmoja tu uliotangulia walikuwa sasa katika nguo za askari, wanarudi nyuma pamoja na jeshi lao. Ngome za Liège zilikuwa zimeanguka kwa mizinga mikubwa. Mwezi wa Oktoba mji wa Antwerpen ulianguka pia. Wabelgiji wakarudi nyuma tena, wamechoka, viatu vimetoboka, mpaka wakafika karibu na bahari, kwenye mto mdogo uitwao Yser. Nyuma ya mto ule ilibaki pembe moja tu ya nchi yao. Mfalme aliamuru wasirudi nyuma tena.

Hapo ndipo Georges alipojua vita hasa. Siku zile alikuwa askari wa miguu katika regimenti ya 9. Katika kijiji cha Lombardsijde, pembeni mwa bahari, askari walipigana nyumba kwa nyumba. Fikirini maana yake. Mtu anavunja mlango wa jikoni, na hajui kama nyuma ya mlango kuna adui, au kuna bibi kizee aliyeshindwa kukimbia. Anapita ukuta mmoja, na ukuta wa pili unampigia risasi. Leo nyumba imetwaliwa, kesho imepotea. Kijana aliyeijua kalamu na ubao alijifunza huko mambo ambayo si vizuri mtu kuyajifunza.

Wabelgiji walikuwa karibu kushindwa. Makombora ya mizinga yao yalikuwa yanakwisha, na waliokufa walikuwa wengi. Wakaokolewa na maji. Jambo hili nataka kulieleza vizuri, kwa sababu ni jambo la akili.

Bahari haifanani na ziwa Tanganyika. Mara mbili kwa siku maji yake hupanda, na mara mbili hushuka. Nchi iliyo kando ya Yser ni tambarare, nayo iko chini kuliko maji ya bahari yanapokuwa yamepanda. Kwa hiyo watu wa huko walikuwa wamejenga malango ya maji katika mji wa Nieuwpoort. Maji ya bahari yakipanda, malango hufungwa, bahari isiingie mashambani. Yakishuka, malango hufunguliwa, maji ya mashamba yatoke. Mzee mmoja aliyesimamia mifereji, jina lake Karel Cogge, na mtu wa mashua, Hendrik Geeraert, waliwaonyesha maofisa namna ya kufanya kinyume: kufungua maji yakipanda, na kufunga yakishuka. Kwanza askari waliziba matundu yote yaliyopita chini ya tuta la reli, ili maji yasifike upande wao. Halafu, katika usiku wa mwisho wa Oktoba, malango yalifunguliwa. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole, kidole kwa kidole, ndani ya mahandaki ya Wajerumani, mpaka wakaona mizinga yao inazama matopeni. Ikawabidi kurudi nyuma. Bwawa kubwa likakaa kati ya majeshi mawili, na kwa miaka minne hakuna aliyelivuka kwa nguvu.

Georges alikaa upande huu wa maji. Msidhani kwamba maisha yalikuwa raha kwa sababu adui alikuwa mbali kidogo. Mahandaki yalijaa matope, panya na chawa. Mtu hakuweza kuchimba kwenda chini bila kukutana na maji, basi ukuta wa handaki ulijengwa kwa mifuko ya udongo. Wakati wa baridi nguo ziliganda mwilini. Na kila siku, hata siku ambazo gazeti liliandika kwamba hakuna jambo, kombora moja liliweza kuanguka juu ya watu watatu waliokuwa wakinywa kahawa.

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ieper, Wajerumani walifungua mitungi ya hewa ya sumu iitwayo klorini. Upepo uliichukua kuelekea askari wa Ufaransa, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Kaskazini. Wabelgiji walikuwa jirani zao. Wingu la rangi ya majani makavu lilitambaa juu ya ardhi, na watu walianguka wameshika shingo zao. Elimu ya vitu, ile ambayo Georges aliipenda, ilikuwa imetumiwa ili kuwanyima watu pumzi. Alilikumbuka jambo lile maisha yake yote.

Mwezi wa Julai 1915 alihamishwa kutoka askari wa miguu akatiwa katika regimenti ya mizinga.

Watoto wengi hudhani kwamba mpiga mzinga ni mtu mwenye nguvu na masikio magumu. Ni kweli kwamba kazi ile yataka mabega: kombora la mzinga wa milimita 75, ambao Wabelgiji walikuwa nao wengi, lina uzito wa kilo zaidi ya 5, na siku ya mapigano watu walipokezana makombora saa nyingi bila kupumzika. Lakini mabega hayatoshi. Mtoto akitupa jiwe ili aangushe embe, analiona embe. Mpiga mzinga mara nyingi haoni anachopiga. Adui yuko nyuma ya msitu au nyuma ya kijiji, umbali wa kilometa kadhaa. Kuna mtu mmoja mbele anayetazama kwa darubini na kupeleka habari kwa simu. Mengine yote ni hesabu.

Kombora halisafiri kwa mstari ulionyoka. Linapanda, linafika juu, halafu linashuka. Ukiinua mdomo wa mzinga kidogo, kombora litaanguka karibu. Ukiinua zaidi litakwenda mbali, mpaka kipimo fulani, na ukizidisha litaanza tena kuanguka karibu. Hapo bado hujahesabu upepo. Hujahesabu baridi, maana baruti iliyopoa haisukumi kama baruti yenye joto. Hujahesabu kwamba mzinga uliokwisha kupiga mara elfu umechakaa mdomoni. Kwa hiyo askari wa mizinga huwa na vitabu vyenye safu za namba, na jioni, kwa taa ndogo iliyofunikwa, ofisa hutafuta namba yake. Akikosea namba moja, kombora halianguki juu ya adui. Linaweza kuanguka katika handaki la wenzake, walio mbele yake na wanaomtumainia.

Sasa nimefika katika jambo ambalo kwa ajili yake nimetaka kuwaeleza habari za mtu huyu.

Georges alitazamiwa kuwa ofisa. Alikuwa amesoma chuo kikuu, alijua hesabu kuliko wengi, tena alikuwa hodari mbele ya moto. Basi alifundishwa kazi ya mizinga pamoja na vijana wengine. Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu, naye ni mkubwa wake jeshini, alieleza hesabu ya mwendo wa kombora kwa kufuata kitabu cha jeshi. Georges aliona kosa. Si kosa la mwalimu kusahau. Kosa lilikuwamo katika maelezo yenyewe. Akasema.

Mtanielewa nikiwaambia kwamba jeshini jambo lile ni kubwa. Askari hufundishwa kutii bila kuuliza, na kuna sababu yake, maana wakati risasi zinapita hakuna nafasi ya kushindana kwa maneno. Mkubwa aliyesahihishwa mbele ya wadogo huona haya, na haya ikigeuka hasira haisikii tena hesabu. Georges aliandikwa kuwa mtu mwenye tabia mbaya, asiyeheshimu wakubwa. Hakupewa cheo cha ofisa. Mdogo wake Jacques alikipata, yeye hakukipata. Akabaki katika vyeo vya chini, na vita vilipokwisha alikuwa ajuda tu, cheo kilicho juu ya sajini na chini ya maofisa wote.

Je, alifanya vema? Nimewauliza wanafunzi wangu swali hili mara nyingi, nao hugawanyika. Wengine husema angengoja mpaka mwalimu abaki peke yake, halafu amwambie kwa adabu. Pengine ni kweli. Alikuwa kijana, na kijana anayejua hesabu hupenda watu waone kwamba anaijua. Wengine husema kombora halijui adabu. Hao pia wana haki. Mimi naona jambo moja: baada ya kunyimwa cheo, Georges hakuacha kazi, wala hakununa, wala hakuandika barua za kulalamika. Alirudi kwenye mizinga na kupiga hesabu zake kwa uangalifu uleule, chini ya amri ya watu waliojua hesabu kidogo kuliko yeye. Kwa mtu mwenye akili hiyo ni adhabu ndefu. Aliivumilia zaidi ya miaka mitatu.

Katika saa za kimya alisoma. Wenzake walicheza karata au walilala. Yeye alifungua kitabu cha Mfaransa Henri Poincaré, mjuzi mkubwa wa hesabu, juu ya namna watu wa elimu walivyofikiri kwamba jua na nyota zilitokea. Alisoma pia Maandiko Matakatifu, hasa Zaburi na mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Mtu amekaa katika matope, mbele yake bwawa lenye maiti, na juu yake usiku umejaa nyota. Haishangazi kwamba aliuliza vitu vyote vimetoka wapi.

Vita vile havikukaa Ulaya tu. Wakati Georges alipokuwa kwenye Yser, askari wa Kongo waliingia katika nchi zilizokuwa za Wajerumani, na mwezi wa Septemba 1916 waliutwaa mji wa Tabora. Nyuma yao walikwenda maelfu ya wapagazi waliobeba chakula, risasi na vipande vya mizinga vichwani, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Majina yao hayakuandikwa kama yalivyoandikwa majina ya watu wa Yser. Ni haki kuwataja hapa.

Tarehe 28 Septemba 1918 mfalme Albert aliwatoa watu wake katika mahandaki. Wabelgiji, pamoja na Wafaransa na Waingereza, waliwashambulia Wajerumani, na mizinga yote ya mstari ule ilipiga kabla ya mapambazuko. Safari hii Wajerumani walirudi nyuma. Tarehe 11 Novemba vita vilikwisha. Georges alikuwa ametumika toka siku za kwanza mpaka siku ya mwisho. Alipewa nishani iitwayo Msalaba wa Vita, wenye tawi la mtende. Msalaba ule mfalme aliuanzisha mwaka 1915 kwa ajili ya watu waliotenda kwa ushujaa mbele ya adui, na tawi la mtende ni alama kwamba jina la mtu limetajwa mbele ya jeshi zima. Basi jeshi lililomnyima cheo kwa ajili ya ulimi wake lilimpa nishani kwa ajili ya matendo yake.

Mwaka 1919 alivua nguo za askari akarudi Louvain. Hakurudi kwenye uinjinia. Alichukua hesabu na fizikia, na mwaka 1920 akapata shahada ya udaktari. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule aliingia seminari ya Mechelen, katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya watu walioitwa wakiwa wakubwa, na wengi kati yao walikuwa wametoka vitani. Kardinali Mercier alimpa upadri tarehe 22 Septemba 1923. Hivyo yale mawili aliyoyataka utotoni aliyapata yote mawili, lakini njia ilipita katika matope ya Yser.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi, maana ni ya kitabu kingine. Padri Lemaître alisoma Cambridge katika Uingereza na Harvard katika Marekani, kisha akafundisha Louvain mpaka uzee wake. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu haukai vilevile, bali unatanuka: makundi makubwa ya nyota yanazidi kuachana, kama madoa juu ya puto linalopulizwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alikutana mjini Bruxelles na Albert Einstein, aliyekuwa mkubwa wa wenye elimu wote wa siku zile. Einstein alikuwa amekisoma kile alichoandika. Alikubali kwamba hesabu ilikuwa sahihi, lakini alikataa kabisa kwamba ulimwengu unaweza kuwa hivyo.

Mnaona? Ni jambo lilelile la mwalimu wa mizinga, ila sasa mwalimu ni Einstein. Padri alikuwa na umri wa miaka 33, na hakuwa kijana tena. Hakubishana kwa kelele. Alirudi kwenye kazi yake. Miaka miwili baadaye Mmarekani Edwin Hubble alipima mwendo wa makundi ya nyota kwa darubini kubwa, na vipimo vyake vilikubaliana na hesabu ya padri. Mwishowe Einstein mwenyewe aliacha neno lake la kwanza.

Mwaka 1931 Lemaître alisema zaidi. Ikiwa vitu vyote vinaachana, ukirudi nyuma katika wakati utavikuta vimekaribiana, na ukirudi nyuma sana utavikuta pamoja. Akafikiri kwamba mwanzoni palikuwa na kitu kimoja, kama atomu moja kubwa, iliyopasuka ikatawanyika, kama radiamu inavyopasukapasuka yenyewe. Siku zile radiamu ya Ubelgiji ilitolewa katika mawe yaliyochimbwa Shinkolobwe, huku kwetu Katanga. Wenzake wengine walimcheka. Walisema padri anataka kuingiza kitabu cha Mwanzo katika fizikia.

Yeye hakupenda jambo lile, wala kwa adui wala kwa rafiki. Katika ujana wake, mara baada ya vita, alikuwa amejaribu kuunganisha maneno ya Mwanzo na elimu ya nuru, halafu akaona kwamba si njia. Kwake Maandiko yalifundisha wokovu, na nyota zilitaka kuhesabiwa kwa hesabu yao wenyewe. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alitoa hotuba iliyosogeza elimu ile mpya karibu sana na habari ya kuumbwa kwa ulimwengu. Lemaître alisikitika. Safari hii aliyekuwa mbele yake si mwalimu wa jeshi wala Einstein, bali Papa, ambaye yeye padri alikuwa amemwahidia utii. Hakunyamaza, lakini hakusimama mbele ya watu pia. Alikwenda akazungumza na padri aliyemshauri Papa katika mambo ya nyota. Mwaka 1952, Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota, hakurudia jambo lile. Na mwaka 1960 Lemaître alifanywa rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Wale wanafunzi wangu wanaosema kwamba yule kijana wa mizinga angengoja mpaka mwalimu abaki peke yake, hupenda sana kuisikia habari hii.

Vita vya pili vilimkuta Louvain. Mwezi wa Mei 1944 mabomu yaliyotupwa na ndege yaliipiga nyumba aliyokaa. Aliponea humo. Mtu aliyekuwa amepeleka makombora kwa wengine miaka minne alijua sasa namna yanavyosikika kwa mtu aliyekaa chumbani pake na vitabu vyake.

Wanafunzi wake walimpenda, ingawa mafundisho yake hayakuwa rahisi kufuata. Alikula vizuri, alicheka kwa nguvu, alipiga piano, na katika miaka ya mwisho alipenda mashine za kuhesabu kama mtoto apendavyo mchezo mpya. Katika mwaka 1954 chuo kikuu chake kilifungua chuo kikuu cha Lovanium katika Kongo, karibu na mji ulioitwa siku zile Léopoldville, na vijana wa Kongo wakaanza kusoma huko fizikia ambayo ndani yake jina lake limeandikwa.

Mwaka 1966 alilazwa hospitalini. Msaidizi wake, Odon Godart, alimletea habari kutoka Marekani. Watu wawili waliokuwa wakisafisha mitambo ya simu ya upepo walikuwa wameona mnong'ono usiokoma, unaotoka pande zote za mbingu, usiku na mchana. Walikuwa wameshindwa kuuondoa. Ulikuwa ni joto lililobaki la ule mwanzo ambao ulimwengu wote ulikuwa moto na umesongamana. Na hivyo hesabu ya mzee ilipata shahidi. Akafurahi kuisikia.

Alikufa siku chache baadaye, tarehe 20 Juni 1966. Alizikwa Marcinelle, karibu na Charleroi, katika nchi ile ya makaa ya mawe alikozaliwa. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa dunia yote walipiga kura, wakapendekeza kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Hubble peke yake, iitwe tangu sasa kwa majina mawili, Hubble na Lemaître.